Kiguu Hatulii Pichani

Bustanini, 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo mara mbili: moja ya leo, na nyingine ya siku niliyoondoka alfajiri bila kukuamsha. Mama mguu umeacha kuvimba? Na Baba anasemaje? Bado anadai nitarudi nyumbani kabla sabuni niliyobeba haijaisha? Mwambie sabuni imeisha, nimenunua nyingine, na mtoto wake hajarudi.

Usishangae kuona karatasi. Simu iliniangukia bwawani siku ile ile ya kwanza, nikijipiga picha na bata. Ukipiga sasa wanapokea samaki, wasalimie. Barua hii anabeba dereva wa lori la maziwa, mtu wa kisirani kweli, lakini nimemsifia honi yake na uso ukamlainika.

Sasa nikuambie. Hii bustani si bustani, ni nchi. Ukianzia kwenye kabichi mpaka ufike kwenye milimau umeshachoka, na bado hujaona maua. Mkunga wetu, yule aliyetuzalisha mimi na wewe, amestaafu kuzalisha watu na sasa anazalisha waridi. Magoti yamemgomea, kwa hiyo anashinda kwenye kiti cha turubai na fimbo yake, anaamrisha. Barazani ametundika fremu tupu, ukuta mzima. Anataka kila kipepeo wa bustani yake awe mle ndani kabla ya mwisho wa Juni, maana wakunga wenzake wastaafu wanakuja kumtembelea na yeye anataka kuwaringia. Fremu kubwa ya katikati ni ya yule mweusi mwenye madoa ya manjano, mkubwa kama kiganja. Mimi nimempa jina Bwana Harusi, kwa zile suti zake.

Mkunga kanivalisha kamera shingoni akasema: “Nipatie huyo, amefungua mabawa, halafu kazi ni yako na kamera inabaki mkononi mwako. Ukishindwa, lori la maziwa linajua njia ya kwenu.” Umesikia, Dada? Nikishindwa narudi kukaa na Baba. Na kukaa na fundi saa unakujua: hata kupiga chafya unaomba ruhusa.

Eti anataka nikae chini ya mti nitulie, waje wenyewe. Mimi! Nikamwambia, Mkunga, hao wana mabawa manne lakini mimi nina miguu, na hii miguu haijawahi kushindwa. Ninawakimbiza. Nimeshapata Mabwana Harusi tele, nakutumia kadi ya kamera humu ndani, uzisafishe hizo picha hapo studio kwenu uone kipaji.

Halafu usinione mvivu. Niliambiwa nitoe wadudu kwenye kabichi tu. Asubuhi moja nimemaliza, nikaona bado nina nguvu, nikahamia kwenye milimau, yote, mpaka wa mwisho. Nimeokota kila kitambaacho nikakizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mkunga hajui, ni zawadi yangu kwake.

Mpiga Picha Mkuu,
Kiguu

*

Mjini, 15 Machi

Kiguu,

Marahaba zote mbili. Mama mguu umenywea, anatembea mpaka kwa jirani kuazima chumvi ambayo tunayo. Kuku wake mwekundu ametaga chini ya kitanda chako. Mimi nipo chumba cha nyuma cha studio na mashine yangu, joto linanitoa jasho mpaka kwenye kope.

Picha zako nimezisafisha. Mabwana Harusi tele, siyo? Hebu mtazame wa kwanza, bawa la kushoto, chini. Limechanika kama mfuko wa suruali. Sasa mtazame wa pili. Na huyu aliye kwenye waridi. Na yule uliyeandika “mwingine, mkubwa zaidi.” Mpiga Picha Mkuu, umemkimbiza kipepeo mmoja bustani nzima mpaka kachakaa! Na hata huyo mmoja ametoka ukungu mtupu. Mwenye studio alichungulia akaniuliza kama ni moshi.

Unakumbuka ile picha yetu ya ukutani sebuleni? Baba kakaza shingo, Mama kakaza shingo, mimi nimebana midomo, na wewe una vichwa viwili na huna uso hata mmoja, kwa sababu hukutulia. Wageni wakiuliza huyu nani, Baba husema, “Hapo alipita mtu.” Sasa umehama kwenye kupigwa, unawatia ukungu viumbe wengine.

Ila hilo la wadudu nimelipenda. Umefanya kazi ukaimaliza bila kusukumwa! Gereji uliondoka kabla ya chai, kwa kinyozi uliondoka mteja akiwa nusu kichwa. Mkunga nilimhakikishia mimi, kwa mdomo wangu, kwamba safari hii utakaa. Kwa hiyo nilimsomea Mama sehemu hiyo kwa sauti, mlango wa Baba ukiwa wazi.

Tulia. Bonyeza ukiwa umetulia.

Dada yako

*

Bustanini, 9 Aprili

Dada mwenye macho ya mwewe,

Salamu kutoka kwa mtu aliyedhalilishwa. Haya, ni mmoja. Lakini je, unajua ugumu wa kumpata huyo huyo mara zote hizo? Hilo hukulisifia. Nafurahi kwamba Mama anatembea. Mwambie yule kuku mayai ni yangu, katagia kwenye ardhi yangu. Na hujaniambia Baba anasemaje. Mlango ulikuwa wazi, sawa. Alisikia? Akafanyaje?

Huku mambo yamekaa vibaya. Vipepeo weupe wadogo wapo, wa rangi ya kutu wapo, nimeshawapata na fremu zao zimejaa. Lakini Bwana Harusi hayupo. Yule mchakavu nilimwona mara ya mwisho kwenye milimau, anagusagusa majani kwa makalio, nikamfukuza asije akayachafua nimeshayasafisha. Tangu hapo, kimya. Sio yeye, sio ndugu yake. Nimezunguka mpaka visigino vimepasuka. Nakwenda bwawani, narudi kwenye waridi, napanda tangi la maji natazama kama mlinzi. Nikikaa nasikia kama kapita nyuma yangu, nageuka, ni jani.

Namshuku dereva wa maziwa. Lori lake linatoa moshi mweusi pale pale getini. Nilimwambia, akasema nimpande yeye kichwani, lori nimwachie.

Na Mkunga? Anahamisha kiti chake, sasa anakaa kuelekea milimau, anaitazama tu. Jana nilimwuliza, “Wamekwenda wapi?” Akaniuliza, “Nani alikuwepo mwisho pale?” Nikasema mimi. Akasema, “Ehe,” akafumba macho.

Fremu ya katikati inanikodolea kila nikipita na chai. Nakutumia kadi. Hamna kitu cha maana ndani, ila nimekuwekea picha ya ile ndoo yangu, niliipiga siku ile nilipomaliza, ikabaki kwenye kadi hii ya pili. Umeisifu kazi, sasa ione. Haina ukungu hata kidogo, waliomo walikuwa wametulia.

Kiguu

*

Mjini, 20 Aprili

Kiguu,

Tuko wazima, Mama anakusalimu, mvua imeanza na bati la jikoni limeanza nalo.

Nimeisafisha picha ya ndoo. Ilipotoka kwenye mashine nilikaa chini. Wale wanene wa kijani wenye mkanda wa kahawia, na wale wadogo walio kama kinyesi cha ndege. Kiguu, wale ndio Bwana Harusi.

Sio chakula chake, sio adui yake. Ndio yeye. Kipepeo anataga yai kwenye jani la mlimau, yai linatoa kiwavi, kiwavi anakula mpaka anashiba, anajifunga kwenye kifuko, anatoka na mabawa. Yule mchakavu uliyemfukuza alikuwa anataga. Darasani kwetu palikuwa na picha ya haya yote ukutani, kubwa kama mlango, na wewe ulikaa chini yake mwaka mzima. Lakini uliipa mgongo, dirisha lilikuwa upande wa pili.

Nami sijitoi lawamani. Nilisoma “wadudu” nikapita mbio kwa furaha, nikakusifia mbele ya nyumba nzima.

Mwambie Mkunga. Mwambie kabla hajakuambia.

Dada

*

Bustanini, 1 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo.

Niliposoma nilidhani unanitania. Nikaenda kwa dereva wa maziwa nikamwuliza kama utani, “Eti kipepeo anatoka wapi?” Akasema, “Kwa kiwavi, kwani wewe ulidhani anatoka dukani?” Hata yeye! Hata yule!

Mimi nilijua kipepeo anakuja tu. Kama nzi. Hukai ukajiuliza nzi kazaliwa na nani.

Nimezamisha harusi nzima, Dada, na bibi harusi na wapambe. Nikipiga mluzi. Nikapiga na picha.

Sijamwambia. Asubuhi nafika mpaka kwenye kiti chake na maneno yapo mdomoni, ananiambia “Chai imepoa,” nageuka na kikombe. Kazi nyingine zote niliondoka kwa kuchoka, hilo sikuona haya. Hii sijachoka. Hii nimeiua mwenyewe.

Begi nimefunga. Ijumaa napanda lori. Baba usimwambie, nitajua la kumwambia nikifika. Au mwambie sabuni imeisha.

K.

*

Mjini, 5 Mei

Wewe,

Salamu utazikuta mwisho, dereva ananguruma hapa nje na nimemwomba asubiri.

Usipande hilo lori. Ukilipanda, atakayemweleza Mkunga ni mimi, kwa sababu nililotoa lilikuwa neno langu, na sitamweleza kwa barua, nitakwenda mwenyewe na nguo zangu za kanisani nikasimame mbele ya kile kiti. Unataka nifanye hivyo?

Halafu jibu swali moja. Uliandika umesafisha milimau “yote, mpaka wa mwisho.” Mimi nimekulea. Nakujua ulivyofagia uwanja ukaruka nyuma ya choo, ulivyoosha masufuria ukaficha lenye ukoko. Niambie ukweli: ni yote?

Mama anakusalimu. Kuku kaangua.

Dada

*

Bustanini, 19 Mei

Dada, shikamoo, shikamoo, na nyingine weka akiba!

Vifaranga wangapi? Wote ni wangu.

Barua yako dereva alinipa nikiwa getini na begi, nikarudi nalo ndani. Siyo yote! Nyuma ya tangi la maji kuna mlimau mmoja, mbaya, umepinda, na kwenye tawi lake nyigu wamejenga. Siku ile ya ndoo nilichungulia, nyigu mmoja akanitazama, nikasema huu umeshakuwa safi, na sikuusogelea tena; kumbe yule mchakavu niliyemfukuza alikimbilia huko kutaga. Uvivu wangu na uoga wangu, ambavyo mmevisema tangu nazaliwa, leo vimeokoa roho.

Nilikwenda kwa magoti. Nikaumwa kwenye sikio, hadi sasa limekuwa kama mkate. Lakini yupo! Mmoja tu, wa kijani, mnene, amelala kwenye jani kama bosi. Nikamgusa kidogo kuhakikisha, akanitolea pembe mbili nyekundu kichwani zenye harufu ya limau lililooza. Sijawahi kufurahi kutukanwa namna ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mkunga, na sikio langu, nikayamwaga yote bila kupumua. Ndoo, sabuni, mluzi. Akanisikiliza, kisha akasema, “Nilikuona.”

“Ulini… lini?”

“Siku ile ile. Nilipiga kelele, wewe unapiga mluzi. Mpaka haya magoti yanifikishe pale, ulikuwa unasuuza ndoo.”

“Sasa mbona ulinyamaza, Mkunga?”

“Nilitaka nione kama nilizalisha mtu au nilizalisha miguu. Ijumaa ile ulikuja getini na begi. Ungeweka mguu kwenye lile lori, ningekurushia hii fimbo.”

Kisha akainyoosha hiyo fimbo kuelekea kwenye tangi. “Mimi nimekaa wodini nusu ya maisha yangu nikingoja vichwa vitokee. Nenda kakae na wewe. Na usimguse tena.”

Basi nimekaa. Kiwavi ameacha kula, amepanda kwenye kijiti, amejifunga mkanda wa uzi kiunoni kama fundi wa nguzo za umeme, na siku iliyofuata amekuwa kifuko cha kijani ambacho ukipepesa macho unadhani ni jani. Ndiye pekee. Akifa huyu, fremu haina mtu, na mimi sina kazi.

Dada, kukaa kunauma! Sisimizi wamenipitia mgongoni wakarudi na wenzao. Mguu unataka kwenda peke yake. Nahesabu majani, namaliza, naanza tena. Nyigu nimeshawazoea, mmoja nimempa jina lako.

Baba anasemaje?

Kiguu, wa Nyuma ya Tangi

*

Mjini, 2 Juni

Kiguu,

Marahaba, na hilo la nyigu nimelisikia. Vifaranga ni wanane, Mama kawapa sita majina, wawili anasema bado wanajificha tabia. Bati la jikoni limezibwa na lami.

Mwenye studio amekubali picha kubwa ya fremu ya katikati niisafishe mimi, kwa karatasi nzuri. Silali vizuri, nakiota hicho kifuko. Jana nimempa mteja picha za harusi ya watu wengine, akarudi ananipigia kelele na mume asiye wake mkononi. Andika upesi. Kimebadilika rangi? Mvua haikipigi?

Baba jana wakati wa chakula aliweka kijiko chini, akasema, “Hivi yule…” Halafu akakiokota akaendelea kula. Nimengoja, hakumalizia. Kwa hiyo sina cha kukuandikia, na ndiyo maana sikuandikii.

Tulia hapo hapo.

Dada

*

Bustanini, 14 Juni

Dada,

Shikamoo. Mmeamkaje huko? Mama, vifaranga, yule nyigu wa studio? Keti kwanza, maana mimi nimesimama vya kutosha.

Ametoka. Na picha sina.

Ngoja, usichane barua. Kifuko kilikuwa cheusi tangu jana yake, madoa ya manjano yanaonekana kwa ndani kama taa nyuma ya pazia. Asubuhi kabla ya chai kikapasuka. Katoka kitu kilicholowa, kimekunjamana, mabawa kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Kamera ninayo shingoni. Akaanza kupanda kijiti ajining'inize, na kijiti kumbe ni kibovu, kikavunjika! Nikautupa mkono wangu wa kulia bila kufikiri. Akaangukia kidoleni, akang'ang'ania, akaning'inia na yale mabawa yake mabichi.

Kidole chenyewe ndicho cha kubonyezea.

Mkunga alifika na fimbo, anahema. “Usitikisike,” akasema. “Mabawa yakikauka yamejikunja hataruka maishani.” Nikamwuliza, “Kwa muda gani?” Akasema, “Mpaka atakapoamua yeye.”

Dada, nilisimama. Mkono umenyooshwa. Jua limenipanda toka kiunoni mpaka utosini. Nyigu alinitua shingoni, akazunguka, akaondoka. Pua iliwasha, nikailaani kimoyomoyo. Dereva wa maziwa alikuja getini akapiga ile honi niliyoisifia, na sikugeuka. Mabawa yakawa yanashuka taratibu, yananyooka, yanang'aa, hayana mchaniko hata mmoja. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate.

Mara nikasikia Mkunga ananivua kamera shingoni kama anayemvua mgonjwa nguo. Hajui hata pa kubonyeza. Nikamwelekeza kwa midomo tu, “Pale… hapana… pale.” Zilizotoka mwanzo ni ardhi na viatu vyake, na nyingine ni dole gumba lake. Ya mwisho sijui ni nini.

Kisha akafungua mabawa, mara moja, mara mbili, akaondoka. Juu ya tangi, juu ya milimau, basi.

Nikamwambia Mkunga, “Fremu yako haina mtu. Sikumpiga.” Akasema, “Nenda kanywe chai.” Sijui kama kesho nipo au sipo. Wageni wanakuja karibuni. Kadi hii hapa. Safisha chochote utakachokuta.

Kiguu

*

Mjini, 25 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima, vifaranga wazima, mimi mzima, haya, salamu zimekwisha.

Ardhi nimeiona. Viatu nimeviona. Dole gumba nimeliona na nimelisafisha, kwa heshima yake. Halafu ikatoka ya mwisho.

Ni wewe. Kuanzia kiunoni. Sikio moja bado lina alama ya nyigu. Mkono umenyooka mbele, na kidoleni Bwana Harusi amefungua mabawa yote manne, unaweza kuhesabu vumbi lake. Nimesafisha mbili kubwa. Moja ya Mkunga, na nimepata jibu lake kwa mdomo wa dereva: imeshaingia fremu ya katikati, na amesema nikuulize kwa nini leo hujamwagilia kabichi, mfanyakazi gani wewe.

Ya pili nimeipeleka nyumbani. Niliiweka mezani kwa Baba, kati ya saa za watu, nikaondoka haraka, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikasimama mlangoni. Aliitazama kwa macho matupu kwanza. Kisha akavaa ile lenzi yake ya jicho, ile ambayo hatukuruhusiwa hata kuipumulia, akainama juu ya picha kama anavyoinamia saa iliyokataa kwenda. Alianza kwenye kidole. Akapanda mkono, taratibu, mpaka bega, mpaka usoni. Akarudi kwenye kidole.

Akauliza, “Alisimama hivi muda gani?”

Nikasema, “Kabla ya chai mpaka jua limepanda.”

Akavua lenzi, akaifuta kwa shati, na haikuwa na uchafu. Akasema, “Hajatikisika.”

Hilo ndilo alilosema. Umeniuliza tangu Machi, nami nimekupa lote lilivyo. Picha ameitundika sebuleni mwenyewe, karibu na ile ya vichwa viwili. Jana mgeni kauliza, huyu nani. Baba akaonyesha ile ya vichwa viwili, akasema, “Ndiye yule pale. Alipita.”

Dada

*

Bustanini, 30 Juni

Dada,

Shikamoo, na Baba shikamoo, isome hiyo mbele yake.

Wageni wamekuja, wakunga watupu, wamejaa barazani wanapiga kelele kama kasuku, na Mkunga amewaambia wote kwamba picha ya katikati kaipiga yeye. Nimemwachia. Nyuma ya tangi, kwenye mlimau uliopinda, kuna yai. Dogo, la mviringo, rangi ya siagi. Nimeliona leo asubuhi na ninapaswa kuwa pale sasa hivi, nimekaa.

Lakini barua yako imefika na lori. Nimeisoma getini nimesimama. Nikaisoma tena nikienda bwawani. Nikaisoma kwenye waridi, kwenye kabichi, nimezunguka bustani yote naisoma, dereva ananicheka, Mkunga ananipigia kelele nitulie.

Leo, Dada, nimeshindwa.

Kiguu